Barua kwa mwanangu anayeandika ripoti ya kahawa

Mwanangu mpendwa,

Rasimu yako nimeisoma yote, jedwali kwa jedwali. Hongera kwa kazi. Hesabu zimenyooka na maelezo ya kilimo yanaeleweka. Ila umehitimisha kwamba tasnia ya kahawa inastawi kwa kuwa mavuno yanaongezeka, na hapo sikubaliani nawe kabisa. Mavuno yakifurika sokoni bei huanguka, na mkulima aliyejaza magunia anaweza kubaki na fedha pungufu kuliko mwaka wa mavuno haba.

Rudi kwenye mti wenyewe. Mbuni huchukua miaka 3 hadi 4 ndipo uzae vizuri, kwa hiyo mkulima hupanda kwa kuvutwa na bei ya leo, akauza kwa bei asiyoijua. Julai 1975 jalidi kali iliunguza mibuni katika jimbo la Paraná, Brazili. Kufikia 1977, bei ya arabika, aina ya kahawa yenye bei ya juu zaidi, katika soko la New York ilikuwa imevuka dola 3 kwa ratili. Bei kama hiyo humshawishi kila mwenye ardhi kupanda, na miche ikishaota hakuna wa kuirudisha kitaluni bei inaposhuka. Ripoti ya misimu miwili haiwezi kuuona mzunguko huu. Chukua miaka 20 au zaidi, uchore bei na mavuno kwenye chati moja.

Chati hiyo itakufikisha 1989, na ningependa ukae hapo kwa muda. Tangu mkataba wa kimataifa wa kahawa wa 1962, nchi zinazouza zilipangiwa mgao, yaani kiasi cha kahawa ambacho kila moja iliruhusiwa kuuza nje, ili bei isiporomoke. Julai 1989 mgao ukasitishwa, na bei ikaporomoka. Miaka ya 1990 Vietnam ikapanua kilimo cha robusta, aina nyingine ya kahawa, hadi ikashika nafasi ya pili kwa uzalishaji nyuma ya Brazili, na mwaka 2001 arabika iliuzwa chini ya senti 50 kwa ratili. Wako waliopalilia vizuri na kuchuma kwa wakati, bado wakapata hasara. Ndiyo maana sura yako ya nne, inayomlaumu mkulima kwa tija ndogo, imeniuma. Mtu unayemhukumu hivyo hakuwepo mezani mgao ulipofutwa.

Jambo dogo la takwimu: hakikisha kila tani ni ya kitu kimoja. Kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi iliyokobolewa. Ukichanganya hizo mbili, wastani wote unapotoka.

Kisha ongeza jedwali moja ambalo sijaliona popote kwenye rasimu: kwa kila hatua, kuanzia mchumaji, mkulima, mkoboaji, msafirishaji hadi mkaangaji, andika anapokea nini, anasubiri malipo muda gani, na bei ikishuka hasara inamwangukia nani. Msafirishaji anaweza kujikinga kwa mikataba ya bei ya mbele, inayofunga leo bei ya mauzo ya baadaye. Mkaangaji hubadilisha mchanganyiko wa aina za kahawa. Mkulima ana miti iliyokwisha kuota na deni la mbolea. Waulize wachumaji pia, hasa wanawake, maana mara nyingi jina linaloandikwa kwenye malipo si la aliyechuma.

Ukilikamilisha, nitumie hilo jedwali kabla hujagusa hitimisho.

Mama yako