Ukuta Mmoja, Wenyewe Wawili: Barua kwa Mnaotafuta Fleti Katikati ya Jiji

Wanangu,

Siku hizi nikikaa nanyi, dakika kumi haziishi kabla mmoja wenu hajatoa simu. Sebule nyeupe, makabati mapya ya jikoni, dirisha linalotazama taa za jiji. "Mzee, hebu iangalie hii." Naiangalia. Ni nzuri. Kisha nauliza paa la jengo lina umri gani, mnanikodolea macho kana kwamba nimeuliza jina la bibi yake dalali.

Mimi nimekaa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, miaka thelathini na minne. Sina nia ya kuwafukuzia pembezoni. Napapenda huku. Zahanati naifikia kwa miguu, wanangu walisoma bila kupanda gari, na nikichelewa kurudi usiku simkosi mtu ngazini wa kuniuliza nimetoka wapi. Siku nilipoteguka kifundo cha mguu, walionibeba kunipandisha ni vijana wawili wa ghorofa ya juu ambao wiki ileile nilikuwa nimegombana nao kwa sababu ya muziki. Basi msiichukue barua hii kuwa ya kuwakatisha tamaa. Naona tu mnadhani mnanunua vyumba.

Nyumba iliyosimama peke yake paa lake likivuja, ni lako. Unaita fundi, yanaisha. Katika fleti, kilicho chako hasa ni nafasi iliyo kati ya kuta. Nguzo, ngazi, lifti, mabomba makuu, paa na msingi ni vyenu nyote. Hata sheria ilichelewa kujua namna ya kumpa mtu hati ya kitu kilichoning'inia hewani. Jimbo la New South Wales, Australia, lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1961: kila mwenye fleti na hati yake, pamoja na fungu lake katika vitu vya pamoja. Nchi nyingi zikaufuata mfano huo. Lile fungu ndilo watu wanalolisahau. Siku ya kusaini unaingia ubia na watu arobaini usiowajua, ubia usio na siku ya kuvunjwa.

Na hapa lazima niseme yangu.

Katika jengo letu ada ya pamoja haikupanda kwa miaka kumi na moja. Kila mwaka katibu aliileta hoja, kila mwaka tukaiangusha kwa kura. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioinua mikono kupinga, tena nikisimama kabisa kuhutubia: nina watoto shuleni, situmii lifti, kwa nini nilipie? Watu walinipigia makofi. Mwaka wa kumi na mbili, saa nane usiku, niliamshwa na tone usoni. Nikawasha taa nikaona doa la kahawia darini, ukubwa wa kiganja. Nikasimama juu ya kitanda nikaligusa. Kidole kikazama. Nilikuwa bado nakishangaa kidole changu dari iliposhuka yote, na maji taka ya ghorofa nne yakafuata.

Asubuhi tukafungua vitabu vya jengo. Mfuko ulikuwa na fedha za mlinzi na za balbu za ngazini, basi. Bomba lile lilikuwa la pamoja, hivyo halikuwa la mtu wa kumlaumu. Kila mwenye fleti akadaiwa fungu lake kwa mkupuo mmoja, na hesabu ilikuwa kubwa kuliko nyongeza zote tulizozikataa. Familia mbili zilishindwa, zikauza kwa hasara. Mmoja wao alikuwa amehamia miezi mitano tu kabla. Hakuwa amepiga kura yoyote, ila alilipia kura zangu.

Haya madogo. Tarehe 24 Juni 2021, usiku, sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South, katika mji wa Surfside, Florida, iliporomoka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Sababu za kitaalamu nawaachia wahandisi. Kinachonikosesha usingizi ni makaratasi: ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imeonyesha uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea, na wenye fleti walibishana juu ya gharama, hadi mchango wa dola milioni 15 ukapitishwa miezi michache tu kabla ya msiba. Nikiyasoma mabishano hayo naisikia sauti yangu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kupendana na dirisha, dai mihtasari ya vikao vya wamiliki ya miaka mitatu au minne. Isome usiku, taratibu, kama unavyosoma barua za mchumba wa zamani wa mchumba wako. Neno "kuvuja" likijirudia kikao baada ya kikao, umeshaelewa. Uliza mfuko wa ukarabati una kiasi gani, nani amelimbikiza ada, kuna kesi mahakamani, lifti ilikaguliwa lini. Uliza pia ni fleti ngapi zinakaliwa na wenyewe na ngapi zimepangishwa. Sina ugomvi na wapangaji, lakini mwenye fleti anayekaa mbali haoni ufa. Ukiambiwa mihtasari haipo, au ada ni ndogo ajabu na dalali anakuhesabia hiyo kuwa neema, kaa chini ufikiri. Ada ndogo katika jengo kongwe ni deni ambalo halijapewa jina bado.

Hati apitie wakili wako, si wa muuzaji, na si yule "wakili wetu" wa dalali. Aangalie kama fleti imewekwa rehani, na miaka iliyobaki kama umiliki ni wa muda. Kule Singapore fleti za HDB, shirika la nyumba la serikali, huuzwa kwa miaka 99, na kadiri miaka inavyopungua ndivyo mnunuzi wa baadaye anavyosita, na benki inasita kabla yake.

Tukifika kwenye kutembelea: dalali atakupeleka saa nne asubuhi siku ya kazi. Si bahati hiyo. Saa hiyo jengo zima liko kazini na mtaa umetulia. Ishukuru safari yake, kisha rudi mwenyewe usiku wa mwisho wa wiki, urudi alfajiri, na urudi mara baada ya mvua kubwa. Ukiwa ndani, zima simu, kaa sakafuni dakika kumi bila kusema neno. Utamjua jirani kwa visigino vyake. Kelele hupimwa kwa desibeli, na zina hesabu ya ajabu: desibeli kumi zikiongezeka, sikio linasikia kama kelele imekuwa maradufu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za magari usiku zisizidi desibeli 45, na barabara ya mjini yenye mabasi inaupita huo mstari bila jasho. Chumba cha kulala kikiwa upande wa nyuma, hilo ni jambo zito kuliko marumaru.

Kuta zipimeni kwa kiganja, hasa nyuma ya kabati na chini ya dirisha. Ukuta mmoja ukiwa na rangi mpya na mitatu ina ya zamani, mwenye nyumba hakupenda rangi ghafla. Fungua bomba la jikoni, kisha vuta maji chooni, uone jikoni kunabaki nini. Panda mpaka juu, shuka mpaka chini. Maegesho nayo mtaulizia, najua. Huku gari ni mzigo zaidi kuliko msaada, tuendelee.

Dirisha linalotazama kiwanja kitupu mnaazimwa tu. Katikati ya jiji kiwanja kitupu ni ghorofa ambalo halijaanza. Nendeni halmashauri mkaulize ramani gani imeombewa kibali, na ardhi ile imepangiwa matumizi gani. Ulizeni vilevile ghorofa ya chini inaruhusiwa biashara ipi. Duka la vitabu likifunga, anaweza kuingia mwenye baa.

Mkopo. Benki itakwambia unaweza kulipa kiasi fulani kwa mwezi, nawe utafurahi. Chukua kalamu. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12, ukilipa kiwango kilekile kila mwezi, malipo ya mwezi wa kwanza ukiyakata vipande kumi na kimoja, kumi ni riba na kimoja ndicho kinachopunguza deni. Mpaka umalize, utakuwa umelipa zaidi ya mara mbili na nusu ya ulichokopa. Anayenunua akijua atauza baada ya miaka mitatu, mara nyingi afadhali angepanga tu. Na juu ya rejesho bado kuna ada ya jengo, bima na kodi ya majengo. Jaribuni kwanza: miezi sita tengeni kiasi kile kizima, pango mnalolipa sasa likihesabiwa humo, na kinachobaki kiwe akiba. Mkishindwa kwa majaribio, kwa kweli hamtaweza.

Halafu kuna ninyi wenyewe. Mnauliza kuhusu majirani, hamuulizi mtakuwa majirani gani. Sakafu yako ni dari ya mtu. Wekeni zulia, vueni viatu mlangoni, msitoboe ukuta usiku, na wiki ya kwanza gongeni mlango wa juu, wa chini na wa pembeni, mtaje majina yenu kabla ya kuwa na malalamiko. Jirani aliyekusalimia mara tatu atakuletea tatizo mlangoni. Usiyemjua ataliandika kwenye kundi la simu la jengo, watu arobaini walisome.

Jumamosi hii tuna kikao. Ajenda ni paa, na ada inapendekezwa kupanda. Kijana aliyehamia ghorofa ya tano ameshanifuata kuniambia atapinga. Ana watoto wadogo, na anasema yeye anakaa mbali na paa. Nimemwomba Ijumaa jioni apande nami huko juu tukalitazame pamoja. Amekubali, ila ameniuliza kama magoti yangu yataweza zile ngazi.

Mzee wenu wa ghorofa ya tatu