Barua kwa mwanangu mwenye gazeti

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na mdogo wako amepona homa. Ujumbe wako nimeusoma. Mchapaji anadai, mwenzio yuko mikoani anatafuta matangazo, na tangu aondoke hamsemezani ila kugombania hela.

Ngoja nikusimulie habari za Frederick Douglass na Martin Delany, Wamarekani weusi wawili wa enzi za utumwa. Douglass alikuwa ametoroka utumwani. Delany alishawahi kuwa na gazeti lake, The Mystery, huko Pittsburgh. Desemba 1847 gazeti la North Star likaanza kutoka mjini Rochester, jimbo la New York, wao wawili wakiwa wahariri. Lilipigania watumwa waachwe huru. Msomaji alilipa dola 2 kwa mwaka, ilhali kulitoa kulikula karibu dola 80 kila wiki. Douglass akabaki ofisini, Delany akashika njia ya magharibi kutafuta wasomaji.

Januari 1848 Douglass alimwandikia mwenzake bila kuficha kitu: wanaojiandikisha ni wachache, wanakuja polepole, naye anahangaika kwa hotuba na barua ili wasizame. Delany naye aliandika kutoka safarini, na barua zake zikachapwa gazetini. Kijijini Marseilles, jimbo la Ohio, yeye na Charles Langston, mpinga utumwa mwenzake, walivamiwa na kundi la wazungu, wakaponea chupuchupu. Hilo nalo aliliandika! Nikiwaza mtu ametoka kwenye hatari ile, kisha anakaa kumwandikia mwenzake, moyo wangu unajaa heshima.

Ushirika wao haukudumu, 1849 Delany alitoka. Douglass alikuwa ameweka hadi nyumba yake rehani. Aliyemwokoa ni Julia Griffiths, mwanamke kutoka Uingereza, aliyezishika hesabu na kutenganisha fedha za gazeti na za nyumbani. Kwa mwaka mmoja nakala zikapanda kutoka 2,000 hadi 4,000, madeni yakalipwa, na nyumba ikakombolewa.

Kwa hiyo daftari la hesabu mpe dada yako, kazi hiyo anaiweza kuliko wewe. Mwenzio mwandikie leo hii, umtajie deni lote mpaka senti ya mwisho, na umuulize analala wapi huko na anakula nini. Usingoje aanze yeye. Akirudi, njooni wote wawili nyumbani tuzungumze, baba yako naye atakuwepo.

Mama yako akupendaye