Kwa Nini Dukani Kwetu Kigoma Hupati Salamanda

Siku hizi swali linaloongoza kwenye duka letu la samaki wa kufuga, hasa kwa vijana, ni hili: "Bosi, una yule wa pinki mwenye masikio ya manyoya?" Simu inatolewa, picha inaonyeshwa. Ni aksolotli, salamanda (mnyama mwenye mkia, ndugu wa chura) wa Mexico, ambaye umaarufu wake ulipanda zaidi alipoingizwa kwenye gemu ya Minecraft mwaka 2021. Hatumuuzi, na hatuna mpango wa kumuuza.

Hayo "masikio" ni matamvua ya kupumulia majini, yaliyotokeza nje ya kichwa. Salamanda wengi wanaoanza maisha majini huyapoteza wakikomaa. Aksolotli hubaki nayo: anakua, anazaa na kuzeeka bado ana umbo la kiluwiluwi. Mguu ukikatika, unaota mwingine. Porini amebaki kwenye mifereji ya Xochimilco, ndani ya jiji la Mexico City, na yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Hao wa pinki wa mitandaoni wamezalishwa kwenye matangi.

Kinachotukwamisha ni joto. Aksolotli anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18. Yakipita 24 anagoma kula na magonjwa yanamwandama. Sasa weka kipimajoto kwenye ndoo ya maji sebuleni kwako, Mwanga au Ujiji, saa nane mchana, ujionee. Matangi yetu yasiyo na hita husoma 26 au 27. Ziwa Tanganyika lenyewe, maji ya juu, halishuki sana chini ya 24. Kuyapoza kunataka mashine inayonguruma usiku na mchana, na umeme wetu mnaujua. Wapo wanaotuambia watatumbukiza chupa za barafu. Barafu ikiyeyuka joto linarudi palepale, na mnyama anapandishwa na kushushwa kutwa nzima.

"Basi nileteeni aina nyingine." Aina zipo zaidi ya 700, lakini nyingi ni za nchi za baridi au milima yenye ukungu. Afrika wako kaskazini tu, Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna wa asili hata mmoja. Yule mweusi mwenye madoa ya njano ni wa misitu ya Ulaya, na ngozi yake inatoa sumu. Wa China ndiye jitu lao, anaweza kufikia mita 1.8, kwa hiyo tangi la sebuleni lisahau. Kwenye mapango ya Slovenia na Kroatia yuko mwingine mweupe, kipofu, anayeweza kukaa miaka bila kula. Kundi kubwa kuliko yote, ambalo wengi wake wako Amerika, halina mapafu kabisa: wanapumua kwa ngozi na kinywa.

Nyuti nao ni salamanda, ila wengi wao hurudi majini msimu wa kuzaa, na dume wa aina kadhaa huota upanga kama wa jogoo mgongoni. Msiwachukulie poa. Wapo wa magharibi mwa Marekani wenye sumu ileile ya samaki bunju. Mwaka 1979, huko Oregon, mtu aliyemmeza mmoja baada ya kuchochewa na wenzake alifariki.

Mama mmoja wa Kibirizi alituletea kiumbe kwenye chupa ya maji, wanawe wamemhakikishia ni salamanda. Tukamwangalia chini ya taa: magamba yanang'aa, kucha kwenye kila kidole, tundu la sikio nyuma ya jicho. Mjusi huyo, mama, mwachie arudi ukutani. Salamanda ni ndugu wa chura: ngozi tupu yenye unyevu, hana magamba wala tundu la sikio, na vidole vyake vya mbele kwa kawaida ni vinne.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Wanyama hawa husafiri na kuvu wa ngozi. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza aina mpya ya kuvu iliyokuwa ikiwafyeka salamanda wa Uholanzi, na mwaka 2016 Marekani ikazuia uingizaji wa salamanda wa jenasi 20 (makundi ya aina za karibu). Kwetu hatuna salamanda wa kuambukizwa, lakini vyura tunao. Chura wa Kihansi alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, na kuvu wa jamii hiyohiyo anatajwa kati ya sababu, pamoja na bwawa la umeme lililopunguza maji ya maporomoko yake. Sisi hatutaki kuwa mlango wa kuvu hao.

Anayetaka kitu chenye vituko, aje aone samaki wetu wa ziwani wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Mkubwa wao hafiki urefu wa kidole, lakini ukisogeza gamba lake usiku, asubuhi utakuta amelichimbia mchanga upya na anakukodolea macho. Joto la Kigoma ndilo lao.

Mkija, njooni na vipimo vya meza. Tangi la lita 100 likishajaa maji, mchanga na mawe linapita kilo 120, na meza nyingi za televisheni tulizoziona majumbani hazibebi uzito huo.