YAH: PLEYA YA SANTURI INAVUMA HATA SAHANI HAIPO

Kwenu kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja wa pleya nyeusi ya santuri, ile inayozungushwa na mkanda wa mpira, niliyoinunua dukani kwenu Kariakoo mwezi wa tatu, yule mnayemwambia kila akipiga simu kwamba "santuri ni za zamani mzee, lazima zikwaruze". Leo naandika maana kwenye simu hamnipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Kwanza tuelewane, mi silalamikii mikwaruzo. Mikwaruzo naijua. Marehemu baba aliniachia sanduku la chuma limejaa sahani za 45, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za dansi na taarabu, nyingi zilichapwa Nairobi miaka ile, na kuna zingine panya walishapitia mpaka majalada, sasa hizo zikilia chwachwachwa sina neno na mtu. Ninacholalamikia ni mvumo, yani vuuuuum, ule wa transfoma ya mtaani, unaoanza nikiwasha tu amplifaya na kuiweka upande wa phono, yani wa pleya ya santuri, kabla sijaweka sahani yoyote, sinia la kuzungushia sahani limesimama, sindano iko kwenye kishikio chake imetulia. Hivi jamani, santuri ambayo bado imo kwenye sanduku inakwaruzaje?

Mkaniambia labda spika ziko karibu. Nikazitoa kwenye ile meza nikaziweka chini, moja huku moja kule, mvumo upo. Mkasema labda chaja ya simu na kile kiboksi cha intaneti, nikavizima vyote nikabaki gizani kama mganga, upo. Mkasema nyaya, nikanunua nyaya zingine za nyekundu na nyeupe kwa hela yangu, upo. Mkasema ni umeme wa kwangu Sinza hauna athi, yani waya wa kwenda ardhini, hapo nilikubali kidogo maana nyumba nyingi huku soketi ina matundu matatu ila la tatu ni pambo tu, basi nikaibeba pleya na amplifaya kwa bajaji mpaka kwa shemeji Mbezi, nyumba mpya, fundi umeme kachimbia kabisa ile nondo ya athi uani. Nikaunga kila kitu, ukavuma vilevile, shemeji akauliza kama nimemletea mashine ya kusaga.

Kijana wake anapiga gitaa la besi kanisani, akachukua simu yenye ile programu ya kutyunia akaiweka mbele ya spika, sindano ya kwenye kioo ikasimama katikati ya noti za G na G shapu, chini kabisa. Hiyo ni kama hezi 50, mitetemo 50 kwa sekunde, ndo umeme wetu ulivyo. Kwa hiyo ni umeme unaingia kwenye njia ya sauti, na kinachotoka kwenye sindano ni kidogo mno, sehemu chache tu kati ya elfu moja za volti moja, amplifaya inakikuza mara mamia na besi ndo inapandishwa kuliko vyote maana kwenye sahani huwa wameipunguza wakati wa kukata mifereji yake. Kitakachopenya hapo hata kama ni kidogo kitatoka kama trekta.

Sasa hapa ndo nataka msome taratibu. Nikiugusa mkono wa pleya kwa kidole, ule wa chuma unaobeba sindano, mvumo unakatika pap. Nikiachia unarudi. Nimefanya hivyo pengine mara ishirini, mbele ya mashahidi. Waya wa athi wa nyuma, ule mwembamba wenye kijiuma, nimeubana vizuri kwenye skrubu ya amplifaya, na nikiuchomoa hakibadiliki kitu, mvumo hauzidi wala haupungui. Nikampelekea fundi wa redio hapa mtaani, hakufungua chochote, alichukua mita yake akaiweka kwenye mlio, ile inalia njia ya waya ikiwa imeunganika, mguu mmoja kwenye kile kijiuma mwingine kwenye bamba la chuma la chini ya sinia, ikalia. Akahamisha ule mguu wa pili kwenye mkono wa chuma, kimya. Akarudia kimya. Akasema kaka hii humo ndani waya wa athi wa mkono haujafika, ama umekatika ama kiwandani hawakuuchomelea, ni kazi ya tone moja la lehemu, dakika kumi, buku tano, niifungue? Nikamwambia usiguse, kuna stika ya waranti.

Na nilivyowaeleza haya kwa WhatsApp mkanijibu nini? "Kama fundi wa nje ameshika, waranti imekufa." Ameshika na mita! Stika iko nzima, picha nimeambatanisha, mbili, moja ya karibu. Yani nisipomwita fundi sina ushahidi, nikimwita nimeharibu waranti, sasa mlitaka niulize nani?

Ninachotaka ni kimoja kati ya hivi: mtu wenu aje kwangu au mnipe siku ya kuileta, aifungue nikiwa nimesimama hapo, auchomelee huo waya bila kunidai hata shilingi, ama mnibadilishie. Hela yangu siidai, pleya yenyewe naipenda, inazunguka vizuri na mkanda haujalegea. Nawapa siku 14 kuanzia leo, zikipita naenda FCC, Tume ya Ushindani, na risiti yangu.

Video ni ya sekunde 40, sahani haipo, sinia limesimama, kidole kinagusa kinaachia. Isikilizeni kwa hedifoni, kwa spika ya simu besi haisikiki halafu mtaniambia tena hamsikii kitu.

Mteja wenu wa Sinza

NB: Namba ya risiti iko nyuma ya picha ya pili. Na tafadhali asinipigie yule kijana wa "santuri ni za zamani".