Ipimeni picha, msimpime simba

Ndugu Mhariri,

Kila zinapopewa alama picha za wanyamapori, kosa ni lile lile: waamuzi humpigia kura mnyama. Chui juu ya mti hupata alama za juu hata kama uso wake umefifia, na ndege mdogo aliyepigwa kwa ustadi mkubwa huachwa nyuma kwa sababu ni shomoro. Hilo linawavunja moyo vijana wanaojifunza, na linawafundisha wengine kwamba kazi yote ni kumfukuzia simba kwa gari.

Picha ifunguliwe kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo. Kioo cha simu huifinya picha ya pikseli 6000 kwa 4000 mpaka kasoro zote zimezwe.

Kisha mtazame mnyama machoni. Jicho lililo karibu na kamera lazima liwe kali, kope zihesabike, na likiwa na nukta ya mwanga ndani yake mnyama huonekana hai. Sikio likiwa kali na jicho limefifia, fokasi (pale kamera ilipolenga pawe pakali) imekosea, na hakuna uhariri wa kuirudisha.

Mwamuzi asiishie kuandika "picha ina ukungu". Ukungu una asili zake, na kila asili ina dawa yake. Atazame nyasi. Zikiwa kali mbele au nyuma ya mnyama huku yeye amefifia, fokasi iliangukia pasipo pake. Zikiwa kali pale pale miguuni pake huku mwili wake umevutika, mnyama alisogea na shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupokea mwanga, ilikuwa ya polepole: anayetembea anahitaji angalau 1/500 ya sekunde, anayekimbia 1/1600, ndege anayepiga mabawa 1/2500 au zaidi. Nyasi na mnyama vikivutika pamoja kuelekea upande mmoja, mkono au gari lilitikisika. Hapo dawa ni kuzima injini na kulaza lenzi juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage au mchele, dirishani.

Asili ya nne ndiyo inayowaponza wengi katika mbuga za wazi kama Serengeti na Amboseli. Jua likishapanda, ardhi hupasha hewa, hewa hupanda kwa mawimbi, na lenzi ndefu hupiga kupitia mita mia kadhaa za mawimbi hayo. Mistari ya pundamilia hupinda, pembe huwa kama zimo majini. Mpigapicha huilaumu lenzi yake, hununua nyingine ya bei kubwa zaidi, na mazigazi hubaki pale pale. Apige kabla ya saa 4 asubuhi, au asubiri mnyama asogee karibu.

Upigaji wa kumfuata mnyama kwa kamera, kwa 1/30 hivi, usihesabiwe kosa: miguu na mandhari huvutika kwa makusudi. Lakini kichwa lazima kibaki kikali.

Rangi na mwanga nazo zina mitego. Manyoya meupe ya yangeyange huungua upesi, yaani hupokea mwanga kupita kiasi. Sehemu nyeupe ikiwa tupu bila mstari hata mmoja wa unyoya, taarifa zimepotea kabisa. Chengachenga, yaani vidoadoa, katika picha ya alfajiri iliyopigwa kwa ISO 6400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) nazisamehe kwa moyo mweupe, kwa kuwa mwanga haukuwepo. Nisichosamehe ni mstari mweupe unaomzunguka ndege angani, dalili ya kunoa picha kupita kiasi, na manyoya yaliyolainishwa na programu ya akili mnemba mpaka yakafanana na plastiki. Programu ya namna hiyo huweza kubuni nywele ambazo mnyama hana.

Ukataji nao upimwe. Picha ya pikseli 6000 ikikatwa ikabaki 1500 kwa upana, kwa nukta 300 kwa inchi itachapwa inchi 5 tu. Hiyo haitoshi ukurasa wa kalenda, hata kama kwenye simu inapendeza.

Maelezo ya picha ni sehemu ya ubora wake. Swala tomi na swala granti hubadilishwa majina kila siku. Mstari mweusi ubavuni hautoshi kuwatofautisha, maana baadhi ya granti wanao pia. Tazama makalioni, ambako weupe wa granti hupanda juu ya mkia. Duma ana michirizi myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, chui hana. Picha yenye jina lisilo sahihi isipewe ushindi mpaka irekebishwe.

Kwa picha inayokaribia kushinda, waamuzi waombe faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, pamoja na fremu zilizotangulia na zilizofuata. Mwaka 2018 Natural History Museum (makumbusho ya viumbe asilia) ya London iliifuta picha iliyokuwa imeshinda katika mashindano yake ya 2017, ya mla-mchwa mkubwa wa Brazil kando ya kichuguu. Wataalamu waliona mnyama huyo anafanana mno, kwa mkao na mpangilio wa manyoya, na aliyekaushwa na kuwekwa kwenye maonyesho. Mpigapicha alikana. Faili ghafi za kabla na baada zilikuwepo, lakini hakuna hata moja iliyomwonyesha mnyama. Mnyama wa porini hagandi. Fremu mbili tatu mfululizo humwonyesha amegeuza sikio au amehamisha mguu.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaochapisha picha hizo. Faili nyingi hubeba ndani yake tarehe na saa, na mara nyingine mahali picha ilipopigwa; simu yenye huduma ya mahali iliyowashwa huweza kuandika mahali penyewe kwa usahihi wa mita chache. Kwa faru, na kwa kiota chenye mayai, futeni taarifa za mahali kabla ya kuchapisha, na katika maelezo andikeni jina la hifadhi tu, bila kutaja kijito wala kilima.

Mpigapicha wa wanyamapori,
Arusha