Kemeo limfuate anayestahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahubiri wetu wa hapa Bagamoyo.

Msimu wa kusi tulimzika jirani yangu, mvuvi aliyezama na ngalawa yake. Pale makaburini mchungaji aliacha habari ya ufufuo akaanza kuhesabu Jumapili ambazo marehemu hakuonekana kanisani. Akasema bahari ndiyo iliyokuwa mungu wake. Mjane alikuwa ameketi mchangani, ameuma pindo la kanga. Mwanawe, bado yuko shule ya msingi, aliinuka akaenda kusimama peke yake nyuma ya mnazi. Mvuvi hufuata maji. Yakimwita Jumapili alfajiri huenda, ili watoto wale. Mchungaji anayeishi pwani hilo analijua.

Baadaye kikoba cha kina mama wa kanisa kikafikia siku ya mgao. Sanduku lina makufuli matatu, lakini funguo zote tulikuwa tumemwachia mtu mmoja, kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Ndani tulikuta daftari tu. Alikiri mbele yetu kwamba fedha "alizikopa". Yule mjane naye alikuwa na hisa zake humo. Jumapili iliyofuata tulikwenda ibadani tukisubiri neno. Tukaambiwa huu ni mwezi wa kuinuliwa, kila mmoja amwambie jirani yake kwamba mlango wake unafunguka. Mzee alikaa kiti cha mbele, akiitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Basi mjane alikemewa, na aliyekula fedha zake akafarijiwa.

Wapo wanaosema mahubiri yachanganywe, faraja nusu na onyo nusu. Mimi sikubali. Nabii Nathani hakumpimia Daudi nusu kwa nusu. Alimwendea mfalme, akamsimulia habari za maskini aliyenyang'anywa na tajiri mwanakondoo wake mmoja, hata Daudi akawaka hasira, ndipo akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi alipokiri, nabii yuleyule ndiye aliyemwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Mji wetu nao una la kutufundisha. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwapa mahali pa kuishi. Aliyetoka kufunguliwa mnyororo alihitaji kutulizwa moyo. Lakini aliyemuuza alikuwa akitembea pwani hiihii, na kumwambia huyo "amani" kungekuwa kumsaidia kupotea.

Najua kumwonya mzee kuna gharama. Mkono wake umo katika mabati ya kanisa, na mchungaji anaishi kwa sadaka. Sitaki atajwe madhabahuni. Yesu alielekeza kwamba ndugu akikosa, umwendee kwanza mkiwa wawili peke yenu. Jioni moja inatosha kuanza, na asiondoke bila kuzungumzia namna fedha zitakavyorudi.

Ila kabla ya huko, mchungaji wangu, nenda kwa mjane ukamwombe radhi. Tangu mazishi hajakanyaga kanisani. Kila jioni yupo soko la samaki, anakaanga samaki, na mwanawe anamshikia taa. Benchi lake lina nafasi ya mtu mmoja.

Muumini,
Dunda, Bagamoyo