Mwanaidi, nywele zangu zimekwisha

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Watoto hawajambo? Bi mkubwa na mguu wake je? Sisi wazima, mgonjwa ni kichwa changu tu. Usicheke kwanza.

Sendoff ya Rehema unajua ilivyotangazwa. Ijumaa usiku nikafumua rasta, zilikaa miezi miwili, nikajikuna kwa kucha hadi raha. Jumamosi asubuhi nikaosha, mchana nipo saluni napakwa dawa ya kunyoosha nywele. Na wewe ulishanifundisha tangu tunakaa Mtoni: ukifumua, kipumzishe kichwa wiki mbili; siku za karibu na dawa usioshe, usijikune; pembeni pote paka mafuta ya mgando. Yote nayajua! Tamaa ya kupendeza hiyo.

Yule dada badala ya kupaka zilizoota tu, akashuka nayo mpaka nchani, juu ya nywele za dawa ya zamani. Namwambia inachoma, ananijibu vumilia, ndiyo inashika. Nami nikavumilia.

Dawa zile kali ndani yake mna kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni. Inanyoosha kwa kuvunja vinavyoushikilia unywele kwa ndani, na vikishavunjika ndiyo basi. Ukirudia palepale, unywele unakatika kama uzi mkuukuu. Halafu nikaoshwa kwa maji ya kisima, ya chumvi, na shampuu ya kawaida. Ile ya kuua dawa, ambayo povu lake la waridi likigeuka jeupe unajua dawa imetoka, eti imeisha tangu jana. Si wangeniambia kabla sijakaa?

Kwenye sendoff nilifunga kilemba, watu wakanisifia. Laiti wangejua. Kisogoni na juu ya sikio la kushoto ni kama panya kapita. Baba Nasra anauliza kama nimeajiriwa jeshini.

Sasa nina adabu: stimingi kila wiki, draya na pasi nimezisusa, nalala na kitambaa cha satini, kitana cha meno mapana tena nikianzia nchani. Mama Shufaa ananishauri nirudishie dawa zilale sawa. Huyo naye! Nywele zenyewe zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, piga hesabu mpaka zifike mabegani.

Ila harusi ni wiki mbili zijazo, na mimi ndiye mpambe. Lile wigi ulilovaa kwa Zuhura bado unalo? Unaweza kulipakia kwenye basi la Tanga, nikalichukua Stendi ya Magufuli? Na useme kweli: ninyoe zote nianze upya, au niwe napunguza nchani kidogo kidogo? Wewe uliponyoa ulilia? Shemeji alisemaje? Kile kichwa changu unakikumbuka kilivyo kirefu kwa nyuma, kitabebeka kweli?

Nijibu upesi.

Wako,
Mwajuma